Magoti ya Nyamvula

Siku hizo, maumivu ya viungo yaliyoletwa na mawazo hayakutibiwa kwa dawa. Mashine ilimtaja mtu aliyeyasababisha, naye akaondolewa nyumbani kwa mgonjwa siku hiyohiyo.

"Mama, mifupa yako haina kasoro," daktari alimwambia Nyamvula, fundi cherehani wa Kaloleni ambaye magoti yalikuwa yamemvimba tangu masika. "Mashine imemtaja binti yako, Mbodze."

"Ana kifafa. Ni kweli hunikosesha usingizi. Lakini nani kakwambia nataka kulala?"

"Akiondoka utapona."

"Magoti ni yangu, daktari. Na mtoto ni wangu."

Alijikongoja hadi nyumbani, akaketi kizingitini na kunyoosha miguu ikaziba mlango. Maafisa wawili walipofika kumchukua Mbodze, walimwomba apishe.

"Siwezi kusimama," akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Si nyie wenyewe mmeandika kwamba mimi ni mgonjwa?"

Wakatazamana. Sheria ilikataza kumgusa mgonjwa bila ridhaa yake.

"Tutarudi ukiweza kusimama," mkubwa wao akasema, wakaondoka.

Mbodze akatoka ndani na mafuta ya nazi ya vuguvugu, akachuchumaa mbele ya mama yake na kuanza kumkanda. Nyamvula akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Kisha akahisi maumivu yanalegea, goti la kulia likikunjika bila shida, akayakumbuka maneno ya yule afisa.

Akaushika mkono wa binti yake. "Basi, mwanangu. Usiyaponye."