Bibi Harusi wa Darajani

Mzee alifika kwenye daraja dogo la mawe, akagoma kabisa.

"Twende, mume wangu," Regina alimbembeleza. "Gari la nyumba ya wazee linatungoja pale getini."

"Sivuki. Bwana harusi havuki mikono mitupu. Regina yuko wapi?"

Regina alikuwa amemshika mkono.

Kila Jumamosi bustani ile ya msitu, waliyoipanda mabwanyenye wa zamani, hujaa maharusi, na hakuna bwana harusi wa Kilithuania anayevuka daraja lile bila kumbeba mkewe. Ujanani naye alimbeba Regina, watu wakipiga kelele, "Utamwangusha, mnene huyo!" Hakumwangusha.

Sasa alinyoosha mikono, akisubiri kupakatishwa bibi harusi. Saa yake ikateleza kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko.

Nyuma yao msafara wa harusi ulikuwa umefika, ukakosa pa kupita.

"Bibi, si umbebe wewe basi!" kijana mmoja alitania, wenzake wakaangua kicheko.

Regina aliitazama ile saa. Kisha akageuka, akainama, akampa mgongo.

"Panda."

Maisha yake yote alikuwa amebeba magunia ya viazi sokoni. Huyu hakuwa na uzito hata wa nusu gunia. Nyuma, kicheko kikakatika.

Katikati ya daraja mzee akamnong'oneza sikioni.

"Mama, nakuomba. Usije ukamwambia Regina kwamba nimebebwa."

"Simwambii," alisema Regina.

Daraja likaisha. Hakumshusha.