Kilo za Mwenyekiti

Jumamosi, tarehe 2 Agosti 1975, saa tatu asubuhi, Mwenyekiti Akonaay alisimama juu ya mizani ya ghala la kijiji, mahali pa gunia la ngano. Alikuwa amevua koti na viatu.

Sulle, karani wa ghala, alisukuma kijiwe cha mizani taratibu mpaka mkono wa chuma ukatulia.

"Themanini na nne," alitangaza, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni.

"Karibu mwaka mzima sasa, na kilo hazirudi," mtu mmoja alisema. "Ndugu Mwenyekiti, tupe siri."

"Siri ni kuondoka kwenye chakula kabla tumbo halijasema basi," alijibu Akonaay. Aliinama kufunga kamba za viatu, akainuka akihema.

Mwaka uliotangulia Xavery, mganga wa zahanati aliyehamishiwa kutoka Bukoba, alimpima akakuta kilo tisini na nane na presha ya juu. "Punguza, mzee," alimwambia, "la sivyo utamfuata kaka yako." Kaka yake, Basili, mnene kama yeye, alianguka shambani jembe likiwa mkononi na hakuamka. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo Akonaay hakumwambia mtu. Ukutani mwa ofisi ya kijiji palibandikwa picha ya mnyonyaji, tumbo limemwagika juu ya mkanda. Siku moja watoto wa shule waliitazama picha, wakamtazama yeye, wakacheka.

Wazo la kutumia mizani ya ghala lilitoka kwa Sulle. Walichunga ng'ombe pamoja, walibatizwa Jumapili moja, na Sulle ndiye msimamizi wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Akonaay.

"Zahanati ni mbali," Sulle alisema, "na kule utakuwa peke yako. Panda hapa, siku za kupima mazao, watu wakuone. Aibu itakusaidia."

Siku ya kwanza mizani ya ghala ilisoma tisini na nane, sawasawa na ya zahanati. Akonaay aliamini vipimo kuliko maneno, naye aliridhika.

Aliacha samli. Ugali aliukata nusu, pombe akaiachia Jumapili. Kadiri mavuno yalivyoendelea kuingia ghalani, kilo nazo zilishuka: tisini na tano, tisini na moja, themanini na saba. Ghala lilipojaa alikuwa na themanini na nne, na hapo akabaki. Baadaye alirudisha ugali kidogo, kisha kibuyu cha pombe siku za mnada. Mizani haikusogea. Aliwaambia watu kwamba mwili, ukishafundishwa, haurudi nyuma.

Mke wake tu, Fransiska, ndiye ambaye hakumpongeza.

"Mkanda wako uko tundu lile lile," alisema.

"Ngozi imesinyaa kwa mvua."

"Na kitanda nacho kimesinyaa?"

Akonaay alidhani anamwelewa. Mume akikonda, majirani huuliza mkewe anapika nini. Basi alimwambia waziwazi kwamba, kama anamtilia samli kwa siri kwenye mboga, aache. Fransiska aliweka mwiko chini, akatoka nje.

Jumamosi ile ya Agosti, aliyefuata kwenye foleni alikuwa Philomena, mama wa watoto wanne mwenye shamba bondeni.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

Gunia lake likapandishwa. Sulle akasoma: sabini na sita.

Philomena hakuondoka. "Gunia ni hilihili, na nimelijaza mpaka mdomoni. Mwaka juzi lilikuwa tisini."

Sulle alimtazama Akonaay.

"Ngano ya siku hizi ni nyepesi, mama," alisema Akonaay. "Mizani hii niliilinganisha mwenyewe na ya zahanati. Inanipima na mimi, mbele yenu. Ningenenepa ingenisema. Mimi ndiye shahidi."

Hakuna aliyebisha. Zile kilo kumi na nne walikuwa wameziona zikiondoka moja moja, kwa macho yao. Philomena aliweka dole gumba kwenye wino, akabonyeza palipoonyeshwa kwenye daftari la ghala.

"Asante, ndugu yangu," alisema Sulle, akamshika Akonaay bega.

Siku ya Jumatano Akonaay alipanda kilima cha kwenda kijiji cha Gitting, akasimama mara mbili njiani, kichwa kinamgonga. Kesho yake alikwenda zahanati kuomba vidonge. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, na benchi lilijaa akina mama, Philomena akiwa mmoja wao.

Xavery alimpima presha, akarudia. "Mzee, ule uzito ulipunguza?"

"Kilo kumi na nne. Na sijazirudisha."

Xavery alimwonyesha mizani. Akonaay alivua koti na viatu kama alivyozoea, akapanda, akageuka kuwaelekea akina mama.

"Tisini na tisa," alisema Xavery.

"Mizani yako imeharibika."

Xavery alimshusha, akapanda mwenyewe: sitini na mbili, kama siku zote. Akachukua mtungi wa maji wa lita ishirini, akaupandisha: kilo ishirini na moja pamoja na mtungi. Akauondoa, akampandisha Akonaay tena.

"Tisini na tisa."

Philomena alimfunga mtoto mgongoni, akasimama.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema. "Wewe ndiye shahidi."