Nawalisha

“Ni kweli tupu, kama mama yangu alivyozikwa Ihembe,” aliapa Mzee Kaijage, mgeni katika kilabu cha pombe cha Nkwenda. “Nikikutwa nimetia chumvi, rubisi ya kilabu kizima nailipa mimi.”

Mwenye kilabu, mama aliyejitanda khanga begani, akamwekea kibuyu kwa mkono wa kushoto.

“Mama, kwetu mgeni hapewi kwa kushoto.”

“Nisamehe, mzee. Endelea.”

Kaijage akafyonza mrija, akaendelea. Kule Kiruruma, gereji ya wajenzi wa barabara ilimwaga dawa ya kuoshea injini, ikazama ardhini hadi kisimani. Watu wakatapika, ng’ombe wakaanguka. Rwegoshora akamzika mwanawe. Matanga hayajaanuliwa, wanakijiji wakamkuta Kantengwa, kibarua wa kike, mkimbizi, akimimina kitu cheusi kizito kwenye bomba lililozamishwa kando ya kisima.

“Unafanya nini?”

“Nawalisha.”

Neno hilo lilitosha. Nani asiyejua kulishwa? Ni kuwekewa sumu. Na huyu amekiri kwa kinywa chake: anawalisha wao.

“Rwegoshora alianza na teke la tumbo,” alisema Kaijage, akionyesha kwa mguu. “Wakamburuta kwa nywele. Analia, ‘Wadudu! Wadudu!’ Wao wanamjibu, ‘Wadudu ni sisi?’ Rungu likashuka, mkono wa kulia ukaalika kama kuni kavu. La pili, kichwani. Damu ikatiririka mpaka kwenye migomba. Ndipo bwana maji akafika na pikipiki, anapiga kelele: ‘Ile ni molasi ya sukari, nyie! Huko chini kuna wadudu wasioonekana kwa macho, wanaila sumu ya gereji. Nilimwajiri awalishe hao, wapate nguvu!’”

“Aliwahi?” aliuliza mnywaji mmoja.

“Wapi, bwana. Alikuta maiti. Niliibeba mwenyewe hadi kaburini, kwa mikono hii.”

Mwenye kilabu akatua mtungi, akateremsha khanga. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda kama tawi la mbuni.

“Ulinibeba vizuri, mzee,” alisema. “Kisima kilipona. Na mimi hivyo hivyo.”

Kicheko kikatikisa kuta. Kaijage akapapasa mifuko yote miwili ya koti, akalipa rubisi ya kilabu kizima. Mama akajaza vibuyu vya wote mpaka vikafurika, akasubiri kila mmoja ashike mrija.

“Kunyweni,” alisema. “Wale wadudu walishashiba. Leo nawalisha ninyi.”