Kunde Zilizovuliwa Nguo

Mjini pale hapakuwa na wa kumshinda Makungu muuza bajia kwa kumenya kunde. Alizoziloweka jioni, asubuhi zilikuwa nyeupe kama meno. Basi mama mkwe wake, Bi Mize, alipompa bakuli la mwisho la mbegu za kunde alizorithi kwa mama yake, azipande nyuma ya nyumba, Makungu akaziloweka, akazifikicha mpaka maganda yakatoka yote, ndipo akazifukia.

"Nimezirahisishia kutoka," alimwambia mkewe.

Baada ya wiki Bi Mize alipokuja kutazama kama zimeota, alikuta tope tupu. Akachokoa kwa kidole. Kunde ikaibuka inanuka, imeota ndevu za kuvu.

"Mwanangu, ulizimenya?"

"Vizuri sana, mama."

"Lile ganda ndilo ngao yake! Lina ukali wake, kuvu ikiligusa inarudi ilikotoka. Wewe umezivua nguo, ukazilaza na adui!"

Makungu akainamisha kichwa kwa aibu, na hapo ndipo alipouona mche mmoja pembeni. Mbegu yake lazima ilimponyoka vidoleni, maana ilikuwa imetoka ardhini na ganda lake kichwani, limekaa upande kama kofia ya bwana harusi.

Bi Mize akapiga magoti, machozi yakimlengalenga. Makungu naye akachutama. Taratibu, vidole vyake viwili vikaanza kuifuata ile kofia.

"Makungu!"

Vikasimama hewani, vinamwasha.