Sauti ya Salha

Kampuni kubwa ya kompyuta iliyomwajiri Salha haikuwa na mkono wa birika. Ilimpa nyumba yenye kiyoyozi, ikamtibia mama yake magoti. Kilichoadimika ni muda, na hata huo kampuni iliufidia: kila mfanyakazi alitengenezewa sauti ya kompyuta kama yake, ibaki nyumbani kuzungumza na watu wake.

Jumamosi moja Salha aliruhusiwa mapema. Alimkuta mama jikoni anakuna nazi, akiisimulia sauti ile kisa cha harusi ya shangazi, kisa ambacho Salha hakuwahi kukisikiliza hadi mwisho. Sauti ilicheka palepale panapochekesha. Salha akafurahi, akavua viatu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Subiri kidogo, mwanangu,” mama alisema bila kugeuka. “Naongea na Salha.”