Hedifoni Zinazoziba Kabisa

"Nitukane," Idrisa alimwambia muuzaji.

Hamisi, aliyekuwa amepanga saa, redio na miwani kutoka Dubai juu ya turubai sokoni Lushoto, alitoa macho. "Nikutukane, mzee? Sasa hivi nimetoka kukupa shikamoo!"

"Nitukane kwa sauti. Nikisikia, sinunui."

Miaka ya maduka matupu Idrisa hakuwahi kuchagua kitu. Alinunua kilichokuwepo, akashukuru. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, bidhaa zimemwagika hadi njiani, naye alikuwa ameamua kuchagua mpaka roho iridhike. Hedifoni za sponji alizikataa: zilikaa juu ya sikio tu, kelele za soko zikapita pembeni. Nyingine ziliimba upande mmoja. Nyingine zilidondoka alipotikisa kichwa, na yeye alizitaka zivumilie safari za lori la kabichi, kutoka Lukozi mpaka Kariakoo, pamoja na kona zote za kushuka Mombo.

Mwisho akachomeka zile ndogo zenye mpira laini, zinazoingia ndani kabisa ya tundu la sikio. Hamisi akafungulia taarabu kwenye wokmani ya Idrisa, redio yake ndogo ya kaseti, akavuta pumzi, akatukana. Akina mama wauza karoti wakaziba midomo kwa kanga.

Idrisa alimtazama kwa upole. "Umeshaanza?"

Mkewe, Mwanamisi, aliyekuwa amesimama pembeni na kikapu chake, ndiye aliyekata shauri. "Chukua hizo, baba Hawa. Hizo zinaziba kabisa."

Idrisa alishangaa. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, maana sababu ya ununuzi ule aliijua mwenyewe moyoni. Jiko linavuja. Mama mkwe hajajuliwa hali tangu Idi. Mbuzi kaingia shamba la watu. Maneno ya mkewe yalimfikia kama mvua juu ya bati: aliyasikia, hakuyasikiliza. Sasa hata kuyasikia asingeyasikia.

Basi akapata amani. Kila alasiri alikaa barazani, nyaya zikining'inia kifuani, kichwa kikitikisika kwa taarabu, huku midomo ya mkewe ikienda bila sauti. Raha iliyoje!

Siku moja alibonyeza kitufe, kimya. Akabonyeza tena. Wapi! Na batri alikuwa ametia juzi tu. "Vitu vya soko huria," aliguna moyoni. Alikuwa anataka kuinuka ndipo akasikia sauti uani. Kumbe kilichokuwa kikiziba ni muziki, si mpira.

Mwanamisi alikuwa anachambua maharage na jirani yao, Raheli.

"Sema taratibu, mama Hawa. Mumeo yuko hapo."

"Huyo? Hata bunduki ilie, hasikii."

Kisha Mwanamisi akahamia Kishambaa, kama ilivyo kawaida yake kwa mambo ya ndani. Mwezi mpya ukiandama, alisema, atakwenda kwa kaka yake huko Mtae, na hatarudi. Hakupigwa, hakunyimwa chakula, hakutukanwa. "Nimechoka kusema na ukuta, Raheli. Ukuta wenyewe afadhali, unarudisha mwangwi."

Idrisa alitamani azing'oe hedifoni, akamwangukie mkewe miguuni. Lakini angesema nini? Kwamba alikuwa ametega sikio kwenye mazungumzo ya wanawake? Akatikisa kichwa kana kwamba wimbo bado unaendelea, akatulia, akasikiliza.

Asubuhi alipanda juu ya paa la jiko na nyundo. Mwanamisi alimtazama kutoka chini, mikono kiunoni.

Tangu hapo batri mpya hakununua. Alijichomeka nyaya zilizokufa, akatikisa kichwa, akavuna maneno. Mwanamisi alimwambia Raheli kwamba anatamani kitenge cha zambarau. Lori liliporudi kutoka Kariakoo, kitenge kikashuka nalo. Alisema mama yake atakufa bila kuona uso wa mkwewe. Idrisa akabeba sukari na majani ya chai, wakaenda Mtae pamoja, na wakarudi pamoja. Akajiona ndiye mwanamume mjanja kuliko wote Lukozi.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakulitarajia. Mkewe alikuwa mcheshi! Alivyomwiga mwenyekiti wa kijiji akipiga chafya mkutanoni, Idrisa alilazimika kujiuma ulimi asicheke. Miaka yote wameishi chini ya paa moja, na hakuwa amejua.

Mwezi ukaandama. Kesho yake Idrisa hakwenda shambani. Alikaa barazani na nyaya zake, jicho mlangoni, akiogopa kuona begi. Aliyeingia uani ni Raheli.

"Mama Hawa, mwezi si huo? Mbona hujafunga mzigo?"

"Niende wapi, na mume ndiyo kwanza nimempata?"

Idrisa alishusha pumzi kimyakimya. Machozi yalimlengalenga, akayapangusa kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Raheli akasogeza kigoda, akanong'ona. "Hebu niambie basi, mganga wako ni nani? Na wangu hasikii."

"Mganga gani! Nilitoa batri nzima, nikamtilia zilizokufa. Na usijisumbue kunong'ona," Mwanamisi akapaza sauti, "anatusikia tangu siku ile."

Barazani, Idrisa alizidi kutikisa kichwa. Kisha, taratibu, akaongeza sauti ya wokmani iliyokufa.