Tarehe ya Kompyuta

Kompyuta ilikataa tena: cheti cha usalama cha seva kilikuwa kimeisha muda.

Picha zote za studio zilihifadhiwa kwenye seva hiyo, kule Lubumbashi. Mbele ya Fidélie aliketi mama aliyefiwa. Mwanawe alifukiwa na udongo katika shimo la machimbo ya Kamatanda, na mama alitaka picha yake ya kuweka juu ya jeneza.

Fidélie akafanya walivyozoea pale kazini. Akairudisha tarehe ya kompyuta hadi mwezi ambao cheti kilikuwa bado kinakubalika, na seva ikafunguka. Printa ikamtoa kijana mwenye shati jeupe. Pembeni, kama kwenye kila picha ya studio, kulikuwa na tarehe ya kuchapwa: 1 Januari.

“Pardon, mama. Narekebisha tarehe, nachapa ingine.”

Mama aliigusa ile tarehe. Wino haukuwa umekauka, ukamganda kidoleni.

“Bonane,” alisema. “Ile siku ya mwaka mupya alikulaka chakula kwangu.”

Fidélie akashika kipanya.

“Hapana kwanza, mutoto yangu. Acha kompyuta ibakie pale kwa ile siku.”

Fidélie akaondoa mkono. Nje, gari la maziko likapiga honi.